Barafu ya Rwenzori inaisha, ama ni kawaida yake?

mpandaji_kasese: Wakubwa, nimeshuka Margherita, kilele cha juu cha milima ya Rwenzori, juzi, barafu imebaki kidogo mno, sehemu nyingine ni mawe matupu. Jamaa wa kundi letu anasema eti ni mzunguko wa asili tu, tukabishana mpaka chai ikapoa. Nyie mwaonaje?

mzee_wa_kamba: Ana hoja kidogo, Ziwa Victoria lilijaa kupita kiasi 1964 na hakuna aliyetaja tabianchi

nyabo_viatu: Ssebo, ziwa hujaa likashuka, hii barafu imerudi lini? 1906 ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 haikufika hata 1.

mzee_wa_kamba: sawa nyabo, hapo umenibana

gambuti: Yaishe yote, matope ya Bigo, kile kinamasi cha njiani, ndo hayapungui 😂