Naomba ushauri: nahau (sarufi ya Kiarabu) kwanza au niendelee na tafsiri?

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Bukavu, nauza vitenge Kadutu. Kila siku baada ya magharibi tunasoma tafsiri ya Jalalayn, ufafanuzi wa Qur'ani kwa Kiarabu, kwa mwalimu wetu, watu sita kwenye mkeka mmoja. Kitabu hicho, alichokianza al-Mahalli na mwanafunzi wake as-Suyuti akakimaliza, maelezo yake ni mafupi mno. Bila nahau unabaki kutikisa kichwa tu. Kiarabu changu ni cha kusoma herufi. Nyumbani nategemea tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy.

Juzi tulifika sura ya Baqara, aya ya 228, inayosema mke aliyeachwa angoje "quruu" tatu. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii wanasema ni vipindi vya twahara, wa Hanafi wanasema ni hedhi. Nikauliza, neno moja linabebaje maana mbili zinazopingana? Mwalimu akacheka: "Lugha kwanza, mwanangu. Anza Ajurumiya," yaani kile kitabu cha nahau cha wanaoanza. Kusema kweli iliniuma kidogo, mbele ya vijana wale.

Nina miaka 41 na watoto wanne. Niache darsa nisome nahau kwanza, ama nivichukue vyote pamoja? Mliopitia njia hii mlifanyaje? Na kama kuna anayefundisha Jumapili hapa Bukavu, aniambie. Siku zingine soko haliniachii.