Ni mlio gani wa injini ya ndege usiosahaulika, nao hutoka wapi hasa?

Mpenzi wa Anga

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo wapenzi wa ndege huligusia kila wakutanapo: ni injini ipi yenye mlio mtamu kuliko zote? Najua wengi watataja haraka Rolls-Royce Merlin, ile ya silinda 12 iliyoendesha ndege za kivita za Uingereza, Spitfire, Hurricane na, zikiwa nne kwa pamoja, Lancaster. Nami ni mmoja wao. Hata hivyo tusiishie kwenye majina. Kila mchangiaji aeleze pia chanzo cha mlio anaoupenda, maana naanza kuamini kwamba mengi tunayoyasifu kuwa ni sauti ya injini hutokana na kitu kingine kabisa.

Fundi Pistoni

Kwa Merlin, ndugu, sifa ni ya injini yenyewe. Injini ya mipigo minne yenye silinda 12 huchoma mafuta mara sita katika kila mzunguko wa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo ikifikia mizunguko 3,000 kwa dakika hupiga mara 300 kila sekunde, na moshi wake hutokea kwenye vibomba vifupi vya ubavuni bila kizuia sauti chochote. Mapigo hayo yanafuatana kwa karibu mno hata sikio halimudu kuyatenganisha, ndiyo maana tunasikia mvumo mmoja mnene, na juu yake mluzi mwembamba wa supachaja, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi. Propela yenyewe hupunguziwa mwendo kwa gia hadi chini ya nusu ya kasi ya krenki, hivyo haiufuniki mvumo huo. Kwenye Lancaster kuna utamu wa ziada: injini nne haziwezi kulingana kasi kikamilifu, basi sauti zao hukutana na kuachana, nasi chini tunasikia mvumo unaopanda na kushuka. Kwangu mimi hakuna mlio unaoushinda huo.

Sikio Kali

Naafiki kuhusu Merlin, lakini shaka ya muulizaji ina msingi. Chukueni ndege ya mafunzo ya Harvard. Injini yake ni Pratt & Whitney R-1340 yenye silinda tisa na nguvu za farasi zipatazo 600, nayo huzungusha propela moja kwa moja bila gia. Inapopaa kwa nguvu zote, ncha za propela hukaribia kasi ya sauti, na ule mkwaruzo mkali unaotambulika kutoka mbali ni wa ncha hizo, si wa silinda. Wamarekani walilisukuma jambo hili hadi mwisho mwaka 1955 kwa ndege ya majaribio XF-84H, ambayo ncha za propela yake zilipita kasi ya sauti hata ikiwa imesimama ardhini. Kelele yake iliwatia kichefuchefu mafundi waliokuwa karibu. Huo nao haukusahaulika, ingawa sidhani kama kuna aliyeupenda.

Msafiri wa Mbele

Kwenye jeti ni vivyo hivyo. Mlio maarufu wa Vulcan, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu, ule unaofanana na kilio kirefu, hutokea kwenye midomo ya kuingizia hewa injini zinapofikishwa kiwango fulani cha nguvu. Watu walisafiri mbali kwa ajili yake hadi XH558, Vulcan ya mwisho kuruka, ilipostaafu Oktoba 2015, nami nawaelewa kabisa.

Ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa injini ya GE90 kwenye ndege ya abiria ya Boeing 777-300ER. Feni yake ina kipenyo cha mita 3.25, na wakati wa kupaa ncha za panga zake hupita kasi ya sauti, kila moja ikitoa wimbi lake la mshtuko. Kwa kuwa panga hazifanani kwa ukamilifu, mawimbi hayo hutofautiana kidogo na mpangilio wao hujirudia katika kila mzunguko wa feni, ndipo unapozaliwa ule mvumo wa msumeno. Abiria aliyeketi mbele ya injini huusikia vizuri kuliko aliye nyuma.

Mpenzi wa Anga

Nashukuru sana. Nina swali moja kwa Fundi: injini za duara, yaani zenye silinda zilizopangwa kuzunguka krenki kama ile ya Harvard, zinapounguruma polepole kabla ya kuruka husikika kama zinachechemea. Je, ni kwa sababu silinda huwaka kwa kupokezana, moja ikipitwa kila mara?

Fundi Pistoni

Hapana. Kweli moja hupitwa, maana mpangilio wa kuwaka wa silinda tisa ni 1-3-5-7-9-2-4-6-8, lakini nafasi kati ya pigo na pigo ni sawa. Kinachochechemesha mlio ni mchanganyiko wa hewa na mafuta, ambao kwenye mwendo mdogo hauzifikii silinda zote kwa kipimo kimoja, pamoja na mabomba ya moshi yenye urefu tofauti. Ukiongeza mizunguko, utasikia mlio ukinyooka.