Mrejesho: kile kiwanja cha Mabatini kilichokuwa gereji ya betri

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama alizeti au magugu maji yanaweza kusafisha udongo wa kiwanja chetu kando ya mto Mirongo hapa Mwanza, palipokuwa pakitengenezwa betri za magari. Majibu ya maabara yametoka: risasi (ile metali yenye sumu ya kwenye betri) ipo, tena nyingi.

Mtaalamu wa udongo amenieleza kwamba risasi hung'ang'ania udongo, na ile inayoingia kwenye mmea hubaki zaidi mizizini. Kwa alizeti tungevuna miaka na miaka kabla udongo haujasafika. Basi tumepanda vetiva, nyasi zenye mizizi mirefu, mistari iliyobanana kukata mteremko, ili tope lisishuke mtoni na kuishia ziwani. Tumechanganya chokaa na samadi, risasi isiyeyuke ovyo. Mvua ya juzi nilienda kuangalia: tope limejazana nyuma ya mashina, chini yake maji yanapita bila kuchafuka sana. Nilifurahi mno.

Magugu maji yanafyonza metali kweli, ila majini, na ukiyavuna usimpe ng'ombe.

Mkuu uliyeshauri mchicha "uvute sumu", hapana kabisa. Watoto wa jirani wanachuma pale. Mboga tumezihamishia kwenye viroba, udongo tumeutoa Kisesa.