Naomba ushauri: draiva zipi ziwe ndani ya kerneli ya Linux, na zipi ziwe moduli?

Mwuliza: Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Natumia Debian kwenye kompyuta mpakato yenye diski ya NVMe na kadi ya Wi-Fi ya Intel, nami nakusudia kujijengea kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo isiyobeba draiva (programu za kuendesha vifaa) za vifaa nisivyo navyo. Nilitumia `make localmodconfig`, amri inayopunguza mipangilio ya kerneli, nikaijenga na kuinakili kwenye `/boot` bila initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu kabla diski haijafunguliwa), lakini inapowaka husimama kwenye ujumbe “VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)”. Nilipogeuza kila draiva kuwa `y` (ndani ya kerneli) badala ya `m` (moduli, yaani faili ya pembeni), diski ilifunguka ila Wi-Fi ikatoweka. Naomba kueleweshwa kanuni ya kuchagua kati ya `y` na `m`, maana sipendi kubahatisha.

Jibu la kwanza: Ndugu, linaloamua ni mfuatano wa kuwaka. Moduli ni faili zilizomo `/lib/modules`, yaani ndani ya diski ileile, na kerneli isiyo na draiva ya diski haiwezi kuifungua diski ili ikaichukue draiva hiyo. Amri ya `localmodconfig` huzima moduli ambazo hazijapakiwa wakati huo, lakini haizigeuzi zilizobaki kuwa `y`. Kwa kuwa Debian huweka draiva ya NVMe na ya ext4 (mfumo wa faili wa diski) kama moduli, zilibaki hivyo hivyo. Weka `CONFIG_BLK_DEV_NVME` na `CONFIG_EXT4_FS` kuwa `y`, na ikiwa VMD ya Intel (kidhibiti kinachosimamia diski za NVMe) imewashwa kwenye BIOS, ongeza `CONFIG_VMD`.

Wi-Fi ni kinyume chake. Draiva ya kadi yako, iwlwifi, huhitaji fimweya (programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) iliyomo `/lib/firmware`, na ikijengwa ndani ya kerneli huitafuta kabla diski haijafunguliwa, ikaikosa. Iache `CONFIG_IWLWIFI` pamoja na `CONFIG_IWLMVM` ziwe `m`. Fimweya inaweza kuunganishwa kwenye kerneli kwa `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE`, lakini itakubidi ujenge upya kila fimweya inapobadilika, nami sioni faida yake kwenye kompyuta ya kawaida.

Jibu la pili: Maelezo hayo ni sahihi, ila mimi nisingeiacha initramfs. Kwenye agizo la kuonyesha diski ya mfumo, kerneli peke yake huelewa `root=/dev/nvme0n1p2` au `root=PARTUUID=` (namba ya kizigeu cha diski), lakini `root=UUID=` (namba ya mfumo wa faili), ambayo Debian huiandika kwa kawaida, hutafsiriwa na programu zilizomo ndani ya initramfs; na mwenye diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji fiche wa diski) hana budi kuwa nayo. Vilevile, kabla ya `localmodconfig`, chomeka kila kifaa unachokitumia, hata flashi na printa, la sivyo draiva zake zitazimwa.

Mwuliza: Nashukuruni sana. Je, nitajuaje kipengele cha menyu kinachohusu kifaa fulani?

Jibu la kwanza: Ukiwa kwenye kerneli ya Debian, endesha `lspci -k` uone jina la draiva inayokitumikia kila kifaa, kisha ndani ya `make menuconfig` (menyu ya mipangilio ya kerneli) bonyeza `/` uandike jina hilo. Soma mstari wa “Depends on” kwa makini: kipengele kisichoonekana kwenye menyu mara nyingi kimefichwa kwa sababu kipengele kingine ambacho chenyewe hukitegemea kimezimwa, kama iwlwifi inavyofichika pale `CONFIG_CFG80211` inapokuwa `n` (imezimwa). Na kerneli ya Debian usiifute. Iache kwenye orodha ya GRUB (programu ya kuchagua kerneli ya kuwasha) hadi hiyo mpya iwake na vifaa vyote vifanye kazi.