Gari la kuunganisha nyumbani: Cobra, Speedster au Seven, na rangi nani apige?

Spana_Kumi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimefika pa kuamua, nikaona niwaulize kabla sijaagiza chochote. Nataka kuunganisha gari la mtindo wa zamani nyumbani, mimi na binti yangu anayejua kuchomelea. Yamebaki matatu.

La kwanza ni nakala ya Cobra. Ile ya asili ilitoka 1962, Mmarekani Carroll Shelby alipochukua gari la AC Ace la Uingereza akalitia V8 (injini ya silinda nane) ya Ford. Za asili hazizidi sana elfu moja, ndiyo maana nakala ni nyingi kuliko zenyewe. Seti, yaani vipande vya kuunganisha mwenyewe, huja na chesisi ya mabomba iliyokwisha kuchomelewa na bodi ya faiba. Baadhi, kama za Factory Five, zinaweza kutumia vyuma vya Ford Mustang. La pili ni nakala ya Porsche 356 Speedster ya 1954 juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle. La tatu ni la aina ya Lotus Seven, gari la Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, la 1957 ambalo kampuni ya Caterham inalitengeneza tangu 1973.

Moyo uko kwa Cobra. Nafasi ninayo ya gari moja na kulizunguka. Umeme na vyuma havinipi shida, ila rangi ya gari zima sijawahi kupiga. Nilinganishieni kazi yenyewe, habari ya bei tuiache.

Mzee_Kabureta

Nianze na Speedster, maana wengi huiona ndiyo rahisi. Beetle inapendwa kwa sababu bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yenye uti wa chuma katikati. Ukiinua bodi unabaki na kitu chenye injini, usukani na breki, kinachoweza kutembea chenyewe. Tatizo ni urefu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Beetle ina milimita 2400, na 356 ina 2100. Seti inayofuata umbo la asili itakutaka ukate sakafu karibu sentimita 30 na kuiunga upya.

Binti yako anajua kuchomelea, kwa hiyo kuunga si tatizo. Kazi iko kwenye kupima. Shikiza kwanza kwa nukta chache, kisha pima mshazari: kona ya mbele kushoto hadi nyuma kulia, halafu upande wa pili. Vipimo visipolingana, gari litatembea upande upande maisha yake yote. Baada ya hapo fimbo ya gia, nyaya za klachi na za breki ya mkono, na paipu ya breki, vyote vinafupishwa. Na kabla ya yote, gonga sakafu kwa nyundo pale betri inapokaa, chini ya kiti cha nyuma. Kutu huanzia hapo.

Cobra haina kukata. Chesisi imenyooka tayari, wewe ni kufunga. Ila vyuma ni vizito, lazima uwe na winchi ya kuinulia injini na mtu wa pili. Seven ni jepesi, mara nyingi kilo 500 hadi 600, na karibu kila kipande unakibeba mwenyewe. Mimi kwa mtu anayeanza ningempa Seven bila kufikiri mara mbili.

Binti_Msasa

Mzee amesema vizuri kuhusu vyuma, lakini Spana kasema vyuma havimsumbui. Kinachomsumbua ni rangi, na hapo haya magari matatu ni kazi tatu tofauti kabisa. Watu wanalinganisha injini wiki nzima, kisha bodi inafika na ndipo wanagundua kwamba msasa utakula muda kuliko injini, gia boksi na waya kwa pamoja.

Seven lina mabati ya alumini yaliyo karibu bapa, yamepigwa ribiti kwenye mabomba. Faiba ni pua na madigadi tu. Alumini unaweza kuiacha wazi na kuipigia polishi. Ukitaka rangi, anza na praima (rangi ya chini ya kushikia) ya epoksi au ile ya asidi, kwa sababu rangi ikipigwa moja kwa moja juu ya alumini hubanduka. Pua na madigadi mara nyingi huja na rangi yake kwenye jelikoti, ile tabaka ya juu ya faiba inayotoka kwenye kalibu. Kazi yako hapo ni ndogo.

Speedster ni mviringo laini bila mikunjo. Linapendeza, lakini halina pa kuficha kosa. Ubavu ule mrefu ukiwa na bonde dogo, mwanga unapita juu yake na kulionyesha.

Cobra ndiyo yenye kazi kuliko yote. Bodi hutoka kwenye kalibu la vipande vingi, na kila vipande vilipokutana pana mshono. Tazama juu ya madigadi ya mbele, kando ya mdomo wa rejeta na nyuma ya milango, utauona kama uzi ulioinuka. Usiukwangue juu juu ukaridhika. Chini ya ule uzi jelikoti huwa na vitundu vya hewa visivyoonekana. Fungua mshono kwa mfereji wenye umbo la V mpaka ufike kwenye faiba ngumu, jaza kwa fila (dawa ya kujazia inayoganda) yenye nyuzi za faiba, kisha fila laini juu. Ukiuziba kwa fila ya kawaida peke yake, siku gari likikaa juani mshono unachomoza tena kupitia rangi iliyokwisha kung'arishwa. Ndiyo maana wengi huiacha bodi juani muda wa kutosha kabla ya kuanza, ili faiba imalize kukaza.

Jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya kugusa msasa, osha. Bodi inatoka na nta ya kalibu juu yake. Maji na sabuni, kausha, halafu kiondoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja kinapaka na cha pili kinafuta kabla hakijakauka. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na haitatoka.

Halafu milango. Funga kila kitu: milango, boneti, buti, bawaba, kufuli, na raba zake. Raba ni muhimu kwa sababu huusukuma mlango nje, na nyufa ulizopanga bila raba si nyufa utakazoziona mwisho. Panga milimita 5 hivi pande zote, ukikumbuka praima na rangi zitaipunguza. Pakiwa pembamba unasaga, pakiwa papana unaongeza faiba kwenye ukingo. Yote haya bodi ikiwa imefungwa juu ya chesisi yake. Ikiwa juu ya stendi inajipinda, na milango haitakaa tena pale ulipoipanga.

Kalibu_Moja

Dada Msasa yuko sahihi kwa gari la maonyesho. Lakini mbona hakuna anayetaja njia ya kuacha jelikoti yenye rangi? Kuna watengenezaji wanaotoa bodi nyekundu, bluu au kijani tayari. Unasawazisha mishono, unasugua kwa maji kuanzia msasa namba 800 hadi 2000 (namba ikipanda msasa ni mlaini zaidi), unapiga polishi. Jelikoti ni nene kuliko rangi, unaweza kuisugua tena baada ya miaka.

Binti_Msasa

Kwa Seven nakubali moja kwa moja. Kwa Cobra mishono ikishafunguliwa na kujazwa, fila haina rangi ya jelikoti, na kuipata ileile ni bahati. Jelikoti nyekundu pia hupauka juani. Muulize mtengenezaji kama mishono imekwisha kufanyiwa kazi kiwandani. Kama ndiyo, wazo la Kalibu lina nguvu.

Dereva_Polepole

Na zile karatasi za kubandika, vainili? Si zinaepusha rangi kabisa?

Kalibu_Moja

Hazifichi kitu. Zinakaa juu ya kila bonde na kila kitundu, kwa hiyo kazi ya msasa iko palepale. Na madigadi ya Cobra yamepinda pande mbili kwa wakati mmoja, karatasi inavutwa sana pale na pembeni inaanza kuachia.

Kompresa_Mbili

Nije kwenye bunduki yenyewe, maana hapa pana hatari na naomba msome polepole.

Rangi na klia (tabaka la juu lisilo na rangi) za kisasa zinazochanganywa na hadena, dawa ya kuzigandisha, zina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu. Unaweza kuvuta kiasi cha kudhuru bila kunusa chochote. Mapafu yakishaikataa, pumu inaweza kukurudia kwa kiasi kidogo sana, miaka baadaye. Barakoa ya mkaa haikuambii imechoka lini. Kinachofaa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba, pampu yake ikiwa nje mbali na mvuke, pamoja na suti, glovu na macho yaliyofunikwa, kwa sababu inaingia pia kwenye ngozi. Gereji iliyoungana na nyumba ya kulala si mahali pa kupigia. Kwa hili silegezi.

Kama hilo unaliweza, mengine yanafundishika. Praima nene ya poliesta inataka tundu la milimita 2 au zaidi, rangi na klia 1.3 au 1.4. Kompresa ndiyo huwaangusha wengi: bunduki za presha ndogo zinakula hewa nyingi, lita 300 kwa dakika au zaidi, na kompresa ndogo inaishiwa katikati ya boneti. Hewa ikipungua rangi inatua ikiwa na vipele kama ganda la chungwa. Weka kichujio cha maji karibu na bunduki, lowesha sakafu vumbi litulie, na usiruhusu mtu apulize silikoni gerejini siku zile. Tone moja linatoa vishimo vya duara kwenye rangi, na dawa yake ni kusugua na kurudia.

Kati ya rangi ya hatua moja na ile ya rangi kisha klia: rangi tupu isiyo na metaliki, kama nyekundu au krimu, hatua moja inatosha na inafanana zaidi na magari ya enzi zile. Ukitaka metaliki, au mistari miwili ya Cobra isiyosikika ukipitisha kidole, chukua rangi na klia. Mistari inafunikwa na klia, unasawazisha ukingo kwa msasa mlaini, unaongeza klia.

Spana_Kumi

Asanteni sana. Gereji yangu imepakana na chumba cha kulala, kwa hiyo hoja ya Kompresa imenifunga. Vipi nikifanya kazi yote ya bodi nyumbani, nikapeleka kwenye chumba cha rangi kwa zile hatua za mwisho tu?

Binti_Msasa

Ndivyo ningekushauri tangu mwanzo. Msasa ndio unaoamua gari litaonekanaje, na msasa hauna haja ya chumba. Ila praima nayo ina masharti, basi peleka mara mbili: mara ya praima, na mara ya rangi. Katikati irudi kwako. Puliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya praima, sugua kwa kipande kirefu cha ubao kwa mshazari. Weusi uliobaki ni bonde, palipotoboka mpaka fila ni kilima. Ukimaliza msasa 180 nenda 320, halafu 400 au 600 kama fundi wa rangi atakavyotaka. Vaa glovu nyembamba ya pamba upitishe kiganja, utasikia mawimbi ambayo macho hayajayaona.

Na usichague nyeusi kwa bodi ya kwanza. Inaonyesha kila kitu, na faiba nyeusi juani inapata joto sana.

Mzee_Kabureta

Kabla ya kwenda kwenye rangi, endesha chesisi bila bodi, uwanjani, mwendo mdogo. Breki ikivuja au usukani ukivuta upande, unakarabati bila kuogopa kukwaruza rangi mpya. Nenda pia mapema kwa wakaguzi na wasajili wa magari wa kwako, na utunze hati ya kila kipande ulichotoa kwenye gari la zamani.

Spana_Kumi

Basi nimeamua. Cobra, bluu yenye mistari myeupe, rangi na klia, chumba cha kukodi mara mbili. Kabla sijaagiza nitamwandikia mtengenezaji maswali mawili: mishono imefanyiwa nini kiwandani, na milango inakuja imeshafungwa kwenye bawaba au bado.

Kalibu_Moja

Ongeza la tatu: mwombe picha ya madigadi ya mbele, taa ikimulika kutoka ubavuni. Taa ya mbele kwa mbele haionyeshi kitu.