Tupeane uzoefu: umewahi kuota ndoto moja na mwenzako usiku uleule?

Binti Saidi: Wadau, dada kanipigia alfajiri. Kamuota marehemu mama kakaa mkekani uani, anachambua mchele, hasemi kitu. Na mimi usiku uleule nimemuota mama. Natetemeka. Yamewahi kuwakuta?

Mzee wa Darajani: Ungekuwepo Unguja 1995 usingeuliza. Msimu wa Popobawa, lile pepo lililosemekana kuwavamia watu usiku, tulilala nje mtaa mzima, moto umekokwa, wazee wanasoma Yasini, watoto tumebanwa katikati kama dagaa. Usiku wa tatu nikazinduka siwezi hata kujigeuza. Moto nauona, baba namsikia akikohoa, lakini kifua kimekaliwa na sauti haitoki. Nikajua nakufa. Asubuhi kaka akaanza: kanijia, ana mbawa, ananuka. Nikadakia palepale: na mimi, mbawa, harufu! Wallahi mpaka leo sijui kama zile mbawa niliziona mwenyewe au nilizipokea mdomoni mwa kaka. Ukubwani ndipo nilipoelewa kuwa lile ni jinamizi: akili imeamka, misuli bado imefungwa na usingizi wa ndoto. Mwaka ule nani angethubutu kusema? Kuna mgonjwa wa akili kundi lilimpiga mpaka akafa, wakidhani ndiye. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kiuyu: Kweli tupu. Nasi Pemba tulilala nje.

Ustadhi: Msidharau. Majini wametajwa ndani ya Kurani.

Mzee wa Darajani: Sijakanusha majini, ndugu yangu. Nimesema hizo mbawa sina ushahidi nazo.

Baharia: Nyinyi mlikuwa usingizini, mimi nilikuwa macho. Tuko watatu nje ya Nungwi, bado giza, tunavuta wavu. Taa zikachomoza magharibi, zimetungwa kama shanga, nikahesabu 40 nikaishia hapo. Kimya, hakuna muungurumo. Nahodha aliachia kamba, wavu nusura uende. Nalo jinamizi?

Fundi Redio: Hizo satelaiti za Starlink, mkuu. Zikiwa ndiyo kwanza zimerushwa huenda msururu, na jua linazimulika huko juu kabla halijatufikia sisi.

Baharia: Ulikuwepo?

Fundi Redio: Sikuwepo. Nipe tarehe na saa nikuangalizie.

Nyota: Na wale wanafunzi wa Ruwa, Zimbabwe, 16 Septemba 1994? Watoto wapatao 60 walisema wameona chombo cha angani na viumbe wenye macho makubwa. John Mack, daktari wa magonjwa ya akili, alitoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwenda kuwasikiliza!

Fundi Redio: Siku mbili nyuma mabaki ya roketi yaliwaka katika anga la kusini mwa Afrika, watu wakawa hawana habari nyingine. Na hao watoto walishasimuliana kabla hawajahojiwa. Siwaiti waongo hata kidogo. Ila mashahidi 60 waliokwisha kusimuliana hawahesabiki 60.

Nyota: Watoto wadogo wapange uongo mmoja? Haingii akilini.

Fundi Redio: Nani kasema wamepanga?

Mama Zuu: Binti Saidi, mtolee mama sadaka, huo mchele ndio alama. Na ulale na taa.

Kiuyu: Taa azime, usingizi ukikatika-katika ndipo jinamizi linapopata nafasi. Asilale chali.

Mzee wa Darajani: Binti yangu, wewe ulimuota mama akifanya nini? Mkeka uliuona kabla dada hajapiga simu?

Binti Saidi: Nilimuona amesimama mlangoni, baba. Mkeka kautaja dada. Lakini sasa nikifumba macho namuona ameukalia, na ukindu wake nauona, mwekundu na kijani.