Nampeleka mama Unguja siku moja, tuone nyumba gani ya tajiri wa zamani?

Wadau naombeni ushauri. Jumamosi navuka na bi mkubwa boti ya asubuhi, jioni tunarudi. Hataki habari za masultani, anataka kuona wafanyabiashara wa enzi za Mwingereza walikuwa wanakaaje. Sasa magoti yanamsumbua, ngazi hawezi. Mimi mwaka juzi papasi mmoja, hawa vijana wanaowaganda wageni kuwatembeza, alinizungusha vichochoroni saa nzima mpaka Shangani, kufika nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe, ananionyesha mlango kwa nje, "ndo hapa bosi", halafu anataka elfu ishirini. Sirudii.

Chumvi_Kidogo: Pole mkuu 😂 ila ule mlango wenyewe mzuri lakini. Mkishuka bandarini shikeni barabara ya Mizingani, mtaliona jengo la dispensari ya zamani linatazama bahari, roshani za mbao zimechongwa utadhani lesi. La Tharia Topan lile, tajiri wa Kihindi. Na ni karibu, mama hachoki.

Mpemba Halisi: Zuri kweli ila sio nyumba yake jamani. Alianza kulijenga 1887 iwe hospitali, akafa 1891 halijaisha, likamalizika 1894. Dispensari imekuja baadae chini, juu wakapanga watu.

Bi Kidani: Mwanangu msalimie mama. Ukitaka nyumba za wafanyabiashara tembeeni pole pole mtaa wa Hurumzi, chini duka juu familia, ndo walivyoishi. Aangalie milango, ile ya kukunja vipande vipande ni ya maduka ya Wahindi, anafungua yote mtu wa njiani anaona bidhaa mpaka ndani. Ya Kiarabu mizito, ina mfaa, ule mti wa kusimama katikati, na misumari ya shaba. Akichoka akae barazani, baraza ndo kazi yake. Na mkibahatika kuchungulia ndani tazameni dari, boriti za mikoko hazina urefu ndo maana vyumba vyembamba vireefu kama treni. Mwambie avae viatu vya kushika, mawe yanateleza.

Chumvi_Kidogo: @Mpemba sawa mwalimu, nimesahihishwa 🙏

Mleta uzi: Shikamoo Bi Kidani, ahsanteni wote. Tunaanza Mizingani kisha Hurumzi, ghorofani hatupandi. Nimemsomea mama hapo kwenye boriti kanyamaza kidogo, kisha akasema "kumbe, chumba cha bibi Pangani kitanda kilikuwa hakigeuziki". Sasa ananiuliza Jumamosi mbona mbali.